Ngoma Tusizokuwa Nazo

Mkalimani wa boma alikuwa na koti moja la kijeshi lisilo na vifungo, na vifungo vyake vilikuwa mkono wake wa kushoto. Kila nikimkumbuka namwona mkono huo umelala kifuani, kama mtu anayeapa. Wadachi walidhani ni heshima. Sisi Waarusha wa Elerai tulidhani anaumwa moyo. Mwenyewe alisema ni baridi ya Mlima Meru, ambayo kwa maneno yake haikuwa na adabu hata kidogo, inaingia ndani ya nguo za watu bila kupiga hodi.

Nilimjua miaka yote ya Wadachi. Migomba yake ilipakana na yetu, na maji ya mfereji yalipita kwetu kabla ya kufika kwake, kwa hiyo hatukukosa sababu ya kugombana naye. Akija kulalamika alisimama ng'ambo ya mfereji, akaanza na salamu ndefu za huko chini pwani alikotoka, akauliza habari za kila kiumbe chenye pumzi katika boma la baba yangu, akamsifu mama, akausifu mkungu wa ndizi ulioanguka, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Na maji, mzee mwenzangu? Maji hayajambo?" Baba alicheka kila mara. Maji aliyafungulia mara chache.

Kazi yake ilikuwa kusimama kati. Bwana Mkubwa wa boma alizungumza Kiswahili alichojifunza kwenye kitabu, wazee wetu walizungumza Kiarusha, na yeye alivigeuza vile viwili. Nilimtazama mara nyingi nilipopeleka maziwa bomani. Mzee angeweza kusema mpaka kivuli chake kikahama, akataja mipaka, malisho, ng'ombe waliokufa na waliozaliwa, kisha mkalimani akamgeukia Bwana Mkubwa na kusema, "Anasema ndiyo." Siku nyingine mzee alisema neno moja tu, "Hapana," na mkalimani akahutubia mpaka askari wakaanza kusinzia wamesimama.

Baba alimwuliza siku moja, "Mswahili, mimi nilisema neno moja. Yale mengine yote ulimtolea nani?"

"Neno lako lilikuwa uchi, mzee," akajibu. "Huwezi kumpelekea Mdachi neno lililo uchi. Nimelivisha."

Huo ndio ulikuwa msemo wake. Nimelivisha. Mkewe, mwanamke wa Elerai mwenye mdomo kama wembe, alisema mumewe amewavisha watu wote wa Arusha akasahau kununua vifungo.

Alikuwa amejaa mambo yasiyopatana. Bomani alituita "washenzi wangu", na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaja mbuzi aliowafuga mwenyewe. Lakini akimsikia askari akitutukana, alimkemea kwa maneno makali ya pwani ambayo sikuyaelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima, na nashukuru. Nyumbani neno lile lilimrudia. Jioni tulimsikia mkewe akiita kutoka jikoni, "Mshenzi wako amepika ndizi. Njoo ule zikiwa moto." Naye alikwenda mbio.

Alipenda maziwa kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na aliogopa ng'ombe kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Aliwaeleza Wadachi kwa kirefu jinsi Mwarusha anavyompenda ng'ombe wake, anavyomwimbia, anavyomjua kwa jina. Akitoka hapo, ndama mmoja akikata njia, mkalimani alikuwa juu ya kichuguu, koti limefunguka, mikono yote miwili hewani.

Lakini jambo lililomuuma halikuwa ng'ombe wala baridi. Lilikuwa mahali pa kukaa.

Kwetu mwanamume hukaa na rika lake, yaani wale aliotahiriwa nao msimu mmoja. Rika ndilo humsalimu, ndilo humlisha, ndilo humtetea akikosewa na kumtoza faini akikosa. Nyama ikichomwa, rika la baba hukaa huku, rika linalofuata hukaa kule, na kila mtu anajua kigogo chake. Mkalimani hakuwa na rika. Ameoa kwetu, amelima kwetu, amezika watoto wawili kwetu, na siku ya nyama alisimama. Alipewa kipande chake, na kizuri, maana hatukuwa wachoyo. Lakini alikila wima, akijifanya anatazama mlima.

Kila mwaka alimwuliza baba, kwa sauti ya utani, "Mzee mwenzangu, mwaka huu nitakaa wapi?"

Na kila mwaka baba alimjibu kwa utani, "Simama tu. Aliyesimama anaona mbali."

Nilikuwa karibu mara moja, nikauona uso wake baada ya kicheko. Tangu siku hiyo mimi sikucheka tena.

Sasa niseme juu ya sherehe, maana ndiyo iliyompa sifa na ndiyo iliyotuharibu.

Wadachi walikuwa na sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wao. Miaka ya kwanza ilikuwa gwaride, bendera, mzinga, na sisi kusimama juani tukimpongeza mtu tusiyemjua kwa kuzaliwa mahali tusipopajua. Kisha akaja Bwana Mkubwa mpya, mwenye miwani na daftari, akasema hataki gwaride peke yake. Anataka mila. Kila kabila lijionyeshe lilivyo, kwa asili yake, mbele ya wageni.

Alianza kwa kutandaza kamba katikati ya uwanja. Waarusha upande huu, Wameru upande ule. Kamba ile ilileta taabu kuliko mzinga. Watu wa mlima ule wameoana tangu zamani, na shangazi yangu, aliyeolewa na Mmeru na kuoza binti zake kwa Waarusha, alisimama juu ya kamba, mguu huku na mguu kule, akilia.

"Mkalimani, mimi ni nani?" akauliza.

"Mama, simama penye kivuli," akamwambia. "Asili yako leo ni ile yenye kivuli."

Kisha ikaja habari ya nguo. Wakati ule wengi tulikwisha kuzoea shuka za pamba za amerikani, tukazipaka rangi tuliyoipenda. Bwana Mkubwa akasema hizo si asili yetu, asili yetu ni ngozi. Ikabidi tukaazime ngozi kwa mabibi vizee. Bibi yetu alikuwa na moja, na ndiyo aliyolalia. Akasema hatatoa asili yake ikatembee uwanjani, naye alale chini. Nilicheza siku ile nikiwa nimevaa ngozi iliyokuwa mlango wa banda la ndama.

Yote hayo tungeyasahau. Kilichobaki ni neno moja.

Bwana Mkubwa alikuwa ameandika kwenye karatasi: Waarusha, ngoma kumi. Mkalimani alipoipeleka amri kwa wazee aliigeuza jinsi ambavyo Mswahili yeyote angeielewa, kwamba walete michezo kumi, nyimbo kumi. Wazee wakakubali bila shida. Tuna nyimbo za kutosha. Kwetu mtu huimba kwa koo na kuruka kwa miguu, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia kutoka kifuani mpaka ardhi inatetemeka. Hatupigi kitu chochote. Hatujapata kuwa na kitu cha kupiga.

Siku ilipofika tukajipanga. Ukungu ulikuwa bado haujainuka kwenye mabega ya mlima, umande ulikuwa unameta kwenye mikuki, na mimi, msichana wa kuchumbiwa, nilikuwa mstari wa mbele nikinuka ndama. Bwana Mkubwa akapita na karatasi yake.

"Ngoma kumi," akasema. "Ziko wapi?"

Mkalimani akatuonyesha kwa mkono wa kulia. "Hizi hapa, Bwana Mkubwa."

"Sioni ngoma. Naona watu."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa. Ngoma zao ziko kooni."

Bwana Mkubwa akatoa kitabu mfukoni, akalamba kidole, akafunua. "Ngoma ni kitu cha mti na ngozi. Imeandikwa hapa."

"Kitabu kimesema kweli, Bwana. Ila hawa hawajakisoma."

Hapo askari mmoja alicheka, na kicheko kile ndicho kilichotuponza. Bwana Mkubwa akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema Waarusha ni watu wa kuficha. Wakati wa kodi walificha ng'ombe, sasa wanaficha ngoma siku ya Kaisari mbele ya wageni. Kila mzee apigwe viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano, na vianze kwa mkubwa wao, mpaka ngoma zionekane.

Mkubwa wao alikuwa baba yangu. Askari wawili wakamlaza chini, kifudifudi, kwenye umande. Sikulia. Nakumbuka nilitazama kisigino chake, jinsi kilivyopasuka kama udongo wa kiangazi, nikafikiri, kisigino hiki sijapata kukiona.

Mkalimani akapiga goti karibu na kichwa cha baba, akamwuliza kwa Kiarusha, "Nimwambie nini?"

"Mwambie hatuna," akasema baba kwenye majani.

Mkalimani akasimama. Mkono wa kushoto ukarudi kifuani. Akavuta pumzi kama mtu anayeingia mto wenye baridi.

"Bwana Mkubwa," akasema, "mzee anasema hivi. Ngoma zao wanazo, kumi kamili, lakini ni vitu vitukufu. Desturi yao ni kwamba haziguswi wala hazionekani mpaka jua lipite utosi. Aliyezitoa asubuhi, mfalme anayesherehekewa huugua. Wamekaa kimya kwa ajili ya afya ya Kaisari. Walikuwa radhi kupigwa kuliko kusema."

Bwana Mkubwa alimtazama baba, pale chini, kwa macho mengine kabisa. Akaamuru ainuliwe. Akatoa daftari, akaandika kurasa mbili.

Tulikuwa na muda mpaka adhuhuri. Nyuma ya boma yalikuwako mapipa ya chokaa yaliyobaki wakati wa ujenzi. Askari walikuwa wamechinja kondoo asubuhi ile, na ngozi zilikuwa bado mbichi, zinatoa mvuke. Mkalimani alivua koti, jambo ambalo sikupata kuliona kabla, akayawamba mapipa kumi kwa mikono yake, akitokwa jasho, akiwafundisha wazee, "Piga hapa katikati. Polepole. Mzee, si nyoka huyo, usimwue."

Jua lilipopita utosi, ngoma za mababu zetu zikatoka nyuma ya boma kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa dunia. Baba alipiga ya mbele. Kila pigo likafukuza chokaa kutoka ndani, wingu jeupe likapanda, na wazee wetu wakawa weupe nyusi na masharubu. Bwana Mkubwa alitokwa na machozi. Huenda yalikuwa ya chokaa. Akauliza jina la ngoma hiyo.

Mkalimani alitazama lile wingu. "Inaitwa Moshi wa Mababu," akasema.

Jioni ile baba alikuwa na mgongo mzima. Wazee walikutana kunywa, wakamsifu mkalimani mpaka jua likazama. Mmoja akasema, "Basi leo mpeni mahali." Wakatazamana. "Ametuokoa, nani anakataa," akasema baba. "Lakini tuseme anakaa. Anakaa na nani?" Mkalimani akanywa sehemu yake amesimama, amefunika kifua.

Mwaka uliofuata Bwana Mkubwa alizitaka tena, pamoja na moshi wake. Tukatia chokaa makusudi. Mwaka wa tatu akaja mgeni mwenye sanduku la kupigia picha, akasikitika kwamba moshi si mwingi, tukajipaka na miilini. Wazungu wa mji wa Moshi walifunga safari na mahamali wao kupitia Kikatiti kuja kutazama, na kila aliyeuliza maana alipewa maana, kwa sababu mkalimani hakupenda mgeni aondoke mikono mitupu. Chokaa ni theluji ya mlima. Mapipa kumi ni vidole vya baba wa kwanza. Kuna siku aliniambia, amechoka, ameketi kwenye ukingo wa mfereji, "Binti yangu, hawa watu hawashibi. Nikiwapa babu mmoja wanataka na mkewe."

Nikamwuliza kama haoni haya.

"Naona," akasema. "Lakini mgongo wa baba yako je?"

Kilichotokea baadaye hakuna aliyekipanga. Watoto walizaliwa wakazikuta zile ngoma. Mdogo wangu wa mwisho alijifunza kuzipiga kabla ya kujifunza kukamua. Mikono yake ilikuwa na baraka, siwezi kusema vingine. Akipiga, hata mimi niliyeyaona yale mapipa yakikokotwa kutoka kwenye taka za ujenzi nilisikia damu inaniamkia. Alipokuwa kijana aliapa kwa hiyo ngoma. "Kwa Moshi wa Mababu," alisema, na wenzake waliinamisha vichwa. Wazee walikohoa, wakatazama kando. Ni nani angewaambia? Na angewaambia nini, kwamba baba zao walilala kifudifudi kwa sababu ya kitabu?

Kisha vita vikaja, Wadachi wakaondoka, bendera ikabadilika, na mkalimani akakosa kazi. Waliokuja walikuwa na wakalimani wao na vitabu vyao. Alizeeka haraka. Alilima ndizi zake, akawa mtu wa maneno machache, jambo lililomtisha mkewe.

Msimu wa kutahiri ulipowadia, vijana wakatangaza kwamba safari hii tohara itafunguliwa kwa ngoma. Ngoma ndani ya jando, mahali ambapo hata sauti ya mgeni haikuingia. Mdogo wangu alikuwa amelibeba pipa begani anapita nalo kando ya mfereji, wenzake nyuma, nami, niliyekuwa nimekuja kwa mama kumsaidia, nilikuwa pale nateka maji. Mkalimani akatoka katikati ya migomba, akawazuia njia.

"Wanangu," akasema, "uwanjani pigeni mpendavyo. Huko ndani msipeleke. Hilo pipa si lenu. Nililitoa nyuma ya boma mimi mwenyewe."

"Mswahili, tupishe," akasema mdogo wangu.

"Baba yako anajua. Kamwulize."

"Nimwulize mila yangu kwa sababu ya mtu wa kuja? Wewe utajua nini mambo yetu? Babu yangu aliipiga hii!"

"Babu yako," akasema mkalimani, na kidogo nione ule uso wake wa utani wa zamani, "alikuwa akishtuka hata mtu akipiga chafya."

Wakacheka wale wa nyuma. Mdogo wangu akamsukuma. Hakusukuma kwa nguvu, lakini mkono mmoja ulikuwa kifuani kama kawaida, hakuwa na wa kujishikia. Akaanguka chali ndani ya mfereji, na maji, ambayo kwa mara moja baba alikuwa ameyafungulia, yakampitia juu.

Nilipiga yowe. Baba akaja.

Habari ya ngoma haikuzungumzwa hata kidogo. Na jandoni iliingia. Kilichozungumzwa ni kwamba kijana ameweka mkono juu ya mtu mzima, na kwetu hilo lina faini yake: kondoo mnono na pombe ya asali, vipelekwe kwa rika la aliyekosewa. Kesho yake wazee wakajaa uani kwetu, rika la baba huku, rika linalofuata kule. Mimi nilikuwa ndani na mama, nachuja pombe, nikichungulia kwenye ufa wa ukuta. Mkalimani alisimama nje palepale, ameegemea mwimo wa mlango wetu.

"Haya," akasema baba. "Kondoo anakwenda kwa rika lake. Rika lake ni lipi?"

"Mswahili," akasema jirani yetu, msemaji wa rika la pili, "wewe ulitahiriwa lini?"

"Nikiwa na miaka saba."

Ua ukalipuka kwa kicheko. "Miaka saba! Si angelia akimtafuta mama yake?"

"Nililia," akasema mkalimani kwa adabu.

"Kabla ya tauni ya ng'ombe, au baada?"

"Kabla. Zamani sana kabla."

Wakahesabu kwa vidole, kicheko kikapungua. Kwa kuhesabu kisu, mkalimani alikuwa ametahiriwa msimu mmoja na baba yangu.

"Haiwezekani," akasema baba. "Kisu cha mtoto si kisu. Hesabuni meno. Kwa meno huyu ni mdogo wetu. Ni wenu nyie."

"Kisu ni kisu, mzee," akasema jirani. "Sisi tulikuwa bado tunachunga ndama. Ni wenu."

Wakasukumana hivyo kwa muda mrefu, kila upande ukimrudisha kwa mwenzake, na yeye akiwa ameinamisha kichwa, anatazama miguu yake. Ndipo mdogo wangu akaingia akivuta kondoo. Alikuwa amechagua vizuri, kwa woga au kwa aibu. Mkia wa yule kondoo ulikuwa mpana kama ungo, na alitembea akihema, hajiwezi kwa mafuta.

Wazee wote wakautazama ule mkia. Baba akakohoa.

"Hata hivyo," akasema, "mambo ya kisu si ya kupuuzwa. Kisu ni kisu."

"Mbona ulisema meno?" Jirani alikwisha kusimama. "Mswahili, fungua kinywa. Yatazameni! Haya ni meno ya rika letu, hata pengo ni la rika letu!"

"Kaa chini wewe! Mtu katahiriwa nami, unamwita mdogo wako?"

"Aje akae huku!"

"Huku ndiko kwake!"

Wakamshika, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, na koti likafunguka wazi. Nikaona wataumiza mtu mzima mara ya pili. Nikasogeza mdomo kwenye ufa.

"Baba mkalimani," nikanong'ona, "mama aje awaambie waache, uchague mwenyewe?"

Hakugeuka. Alikuwa anayumba huku na huku kati yao, miguu haimtoshi, macho yamejaa maji.

"Nyamaza, binti yangu," akasema. "Waache kidogo. Tangu nizaliwe sijapata kugombewa."